Kulelewa si Kubebwa: Falsafa, Maadili na Ulezi Vinamjengaje Kiongozi Kijana

Katika kikao kimoja cha wazazi kwenye shule niliyokuwa nikifundisha, ajenda ya tatu iliandikwa ubaoni kwa chaki: MAADILI YA WANAFUNZI. Tuliijadili zaidi ya saa nzima. Yalisemwa mengi kuhusu suruali za kubana, mitindo ya nywele, simu, nyimbo za siku hizi na watoto wanaowapita wakubwa bila kuamkia. Karibu na mwisho akasimama dada mkuu, aliyealikwa kuwawakilisha wenzake. Aliamkia kwanza, kisha akauliza: mtu anayevaa suti safi na kuwaamkia wazee wote wa mtaa, lakini fedha za kisima cha mtaa amezila yeye, huyo ana maadili au hana? Mwenyekiti akasema swali ni zuri, litajibiwa kwenye mengineyo. Kwenye mengineyo hakuna aliyeligusa.

Swali lile limenikaa miaka mingi. Kila ninaposikia mjadala wa vijana na uongozi redioni au mitandaoni, nalisikia limerudi kwa sura nyingine. Tunasema vijana wafundishwe maadili, wapate walezi, waijue falsafa ya Mwalimu Nyerere, wajiandae kuwa viongozi wa kesho. Ukimshika anayeyasema hayo, ukamwomba akueleze kila neno lina maana gani na linamsaidia nini kijana wa miaka 19 aliyechaguliwa jana kuwa mweka hazina wa kikundi, mara nyingi hana la kusema. Nitajaribu kuyafungua maneno hayo hapa, kuanzia lile tunalolitumia sana na kulielewa kidogo.

Adabu na maadili

Maadili lina shina moja na adili, uadilifu na mwadilifu. Ndani yake mna haki: kumpa kila mtu kinachomstahili, na kukikataa kisichokustahili wewe. Adabu ni jirani yake tu. Adabu ni namna ya kukaa na watu, yaani kuamkia, kusubiri zamu, kuvaa kulingana na mahali. Sheria nayo ni yale ambayo dola itakuadhibu ukiyakiuka.

Mchukue kiranja wa chakula katika shule ya bweni, amesimama nyuma ya sufuria ya maharage na upawa mkononi. Rafiki zake anawapakulia pawa mbili, wengine moja. Hakuna sheria ya Jamhuri aliyoivunja. Hata adabu hajaivunja, kwa maana kila anayefika mbele yake anamkaribisha kwa tabasamu. Lakini maharage si yake. Amepewa upawa kwa niaba ya wote, na amewanyima wengine haki yao ili apendwe na wachache. Hapo ndipo maadili yanapoanza kuwa na maana katika uongozi: pale unaposhika kitu cha wengine na una uwezo wa kukielekeza unakotaka.

Kwa hiyo jibu la swali la yule binti ni kwamba bwana wa suti ana adabu, maadili hana. Sisemi adabu ni kitu kidogo. Mimi mwenyewe ni mwalimu, na mtoto asiyeamkia ananiuma. Hofu yangu ni kwamba tunapotumia saa nzima kupima urefu wa sketi tunamwachia kiranja wa chakula aendelee na upawa wake, na miaka ishirini baadaye tunamkuta amekaa kwenye kamati ya zabuni.

Neno falsafa halina kosa

Falsafa ndilo neno linaloogopwa. Mtaani ukiambiwa "acha falsafa" maana yake punguza maneno. Wengine hulifikiria kama mali ya Wazungu wa kale, na wapo wazazi wanaoamini kwamba kijana akiisoma atapoteza imani yake. Hofu hii ya mwisho ina jibu la karibu. Wanafunzi wa upadri wa Kanisa Katoliki nchini Tanzania husoma falsafa kwanza, katika seminari kuu kama Ntungamo na Kibosho, ndipo waende kwenye teolojia kule Kipalapala au Segerea. Upande wa Waislamu, Ibn Rushd, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa zama zake, alikuwa kadhi. Neno lenyewe lilizaliwa kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi. Maana yake ya asili ni kupenda hekima.

Kuielewa, nenda sokoni. Mnunuzi anatazama mshale wa mizani: umefika kwenye kilo au haujafika? Siku moja moja anapita ofisa wa Wakala wa Vipimo. Yeye hana habari na nyanya. Anaitazama mizani yenyewe, anaweka jiwe lake analolijua uzito, anaangalia kama mizani inasema kweli. Maisha yetu ya kila siku ni ya mnunuzi. Tunapima watu na mambo kwa mizani tuliyoikuta, na ni sawa, hatuwezi kukagua kila kitu kila asubuhi. Falsafa ni ile kazi ya ofisa. Tunaposema kiongozi bora ni mkali, ukali umekuwaje kipimo cha ubora? Tunaposema huyu ni mtoto wetu tumpe, "wetu" inaanzia wapi na kuishia wapi?

Lugha yetu yenyewe inatulazimisha kufanya kazi hiyo. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote ni za wahenga na zote zina ukweli, ila haziwezi kutumika kwa wakati mmoja. Methali haiji na maelekezo ya matumizi, na mwenyekiti wa kijiji anayepaswa kuamua leo kama wahame bondeni kabla ya mvua hawezi kujificha nyuma ya mojawapo. Au chukua "mkono mtupu haulambwi." Nimeisikia ikisemwa na mtumishi wa umma kumwambia mama aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Aliitamka kwa sauti ya hekima kabisa. Kijana aliyezoea kukagua mizani angemwuliza: wewe unaulamba mkono wa serikali kwa mshahara kila mwisho wa mwezi, huyu mama anadaiwa nini tena?

Mtu aliyelifikiria jambo hili kwa kina ni Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Enzi zake wapo wasomi walioshikilia kwamba Waafrika wana mila na misemo lakini hawana falsafa kwa maana kamili. Odera Oruka na wenzake wakaenda vijijini kuzungumza na wazee, wengi wao wasio na shule kubwa, wakawauliza juu ya Mungu, kifo, haki, usawa wa mwanamke na mwanaume. Akagundua kuna wenye hekima wa aina mbili. Wapo wanaoijua mila vizuri na kuieleza kama walivyoipokea. Na wapo wachache wanaoweza kusimama pembeni ya mila hiyohiyo na kusema: hapa wazee wetu walikosea, na sababu ni hii. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa, awe na digrii au hana.

Nimeutumia mgawanyo huo kwa wanafunzi wangu na naona unafaa sana kwa uongozi. Kijana wa kwanza ataendesha kikundi vizuri mambo yakiwa kama kawaida. Siku likija jambo ambalo katiba ya kikundi haikulifikiria, atatafuta wa kumwuliza. Wa pili ataweza kuamua, na zaidi ya hapo ataweza kutoa sababu ambayo hata aliyekosa anaweza kuielewa. Huo ndio mchango mkubwa wa falsafa kwa kiongozi. Majina ya kina Plato si lazima ayakariri, ila azoee kutoa sababu na kudai sababu bila kugombana.

Oktoba 1966

Nataka nikae kidogo kwenye kisa kimoja cha historia yetu, kwa sababu ndani yake falsafa, maadili na ulezi vimekutana, na havikukutana kwa upole.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga sharti la kuwataka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, ambamo kwa sehemu kubwa ya muda huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara wao. Bango mojawapo lilidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza. Alikasirika mno. Taifa lilikuwa na miaka mitano hivi ya uhuru, wakulima walikuwa wamejinyima ili hao wachache wasome, nao sasa wanahesabu asilimia. Aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Lakini katika kikao kilekile alikubali kwamba mishahara ya wakubwa, wake ukiwemo, ilikuwa mikubwa kupita kiasi kwa nchi maskini, akatangaza kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20.

Ukitaka kuwalaumu wanafunzi wale, sababu zipo. Hata hivyo chini ya kelele zao kulikuwa na hoja: kujinyima kunakodaiwa kwa vijana kunadaiwa na nani, naye anajinyima nini? Ni swali la mizani. Na aliyelisikia hakulipuuza. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa likiwa na miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Sisemi maandamano ndiyo yaliyozaa Azimio, mizizi yake ni ya zamani zaidi. Ninachosema ni kwamba swali la vijana waliofukuzwa lilipata jibu ndani ya miiko hiyo. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Je, ule ulikuwa ulezi mzuri? Nimebadilisha mawazo yangu mara kadhaa. Kumfukuza anayeuliza kunawafundisha wanaobaki wasiulize, na nadhani chuo chetu kikuu na siasa zetu zililipa gharama ya hilo kwa muda mrefu. Lakini kiongozi anayekasirika mbele ya vijana kisha akakata mshahara wake palepale anawafundisha jambo ambalo hakuna mhadhara ungelifundisha. Yote mawili yalitokea siku moja, kwa mtu mmoja.

Miiko yenyewe haikupita bila ubishi. Bibi Titi Mohamed, aliyeinuka kutoka vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam na kuwaingiza maelfu ya wanawake TANU kuanzia mwaka 1955, hakukubaliana na sharti la nyumba za kupangisha. Ukilitazama kwa macho ya mwanamke wa mjini wa wakati ule, asiye na elimu ya juu wala uhakika wa pensheni, utaona uzito wa upande wake: nyumba ya vyumba viwili vya kupangisha ndiyo uzee wake. Ninamtaja kwa sababu vijana wengi hudhani maadili ni orodha iliyoshuka tayari. Watu wazima, wazalendo, walioijenga nchi pamoja, walitofautiana kuhusu mstari uchorwe wapi. Mstari ni lazima uwepo. Kujua uchorwe wapi ni kazi ya kufikiri na kujadiliana, ndiyo maana maadili bila falsafa hugeuka amri tu.

Miiko ile ililegezwa kwa nchi nzima mwaka 1991, katika kikao cha chama tawala, CCM, kilichofanyika Zanzibar. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atoe tamko la mali na madeni yake kwa Kamishna wa Maadili kila mwaka. Tofauti ya njia hizi mbili inafaa kueleweka na kijana yeyote. Mwiko ulimwambia kiongozi: usiwe nayo. Tamko linamwambia: uwe nayo, ila tujue. Kenya ilipoandika katiba mpya mwaka 2010 iliweka sura nzima, ya sita, kuhusu uongozi na uadilifu, na ndani yake ikasema kwamba mamlaka aliyopewa ofisa wa serikali ni dhamana ya umma.

Dhamana. Neno hilo lilikuwa tayari kwenye ahadi za mwanachama wa TANU, ambazo wazee wetu walizisema kwa moyo: "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Watu wengi huikumbuka nusu ya kwanza na kuipita ile "wala cha mtu mwingine." Mimi naona hapo ndipo penye ujumbe kwa vijana, kwa sababu kijana kwa kawaida hana cheo bado. Kishawishi chake cha kwanza ni kutumia cha mjomba, cha bosi, cha mheshimiwa anayempigia makofi.

Dhana nyingine inayopotosha ni kwamba maadili yanakaa moyoni tu, kwamba ukimpata mtu mwema basi umemaliza. Akina mama wa vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wanajua zaidi. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zake wanazishika watu watatu tofauti. Hawakufanya hivyo kwa kuwa mweka hazina wao ni mwizi. Walifanya hivyo kwa kuwa hata mtu mwema, mtoto akiugua usiku na sanduku liko uvunguni, anaweza kujiambia kwamba ataazima na kurudisha kesho. Kijana anayefundishwa maadili afundishwe pia kuomba kufuli ya pili na ya tatu kwa hiari yake mwenyewe, kabla hajaambiwa.

Kuna lingine linaloitwa uwajibikaji, nalo nitalieleza kwa mfano mmoja tu. Katikati ya miaka ya 1970, watuhumiwa waliteswa na baadhi kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa amemgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Alijiuzulu, kwa sababu waliofanya walikuwa chini yake. Akapelekwa kuwa balozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Kwa vijana wanaoamini kwamba kukiri kosa ni kujimaliza kisiasa, kisa hiki kinafaa kusomwa polepole.

Ulezi, na kile kinachofanana nao

Siku hizi vijana wanasema menta. Kiswahili kina mlezi, na nyuma ya mlezi kuna ukoo mzima wa maneno. Kufunda, fundi, fundisha, mwanafunzi, yote ni ndugu. Somo ni kile kinachofundishwa darasani, na pia ni mwanamke anayemfunda mwali. Wazee wa jando na makungwi wa unyago walikuwa na sababu ya kumtoa kijana kwa wazazi wake kwa muda: kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyasikia kutoka kwa baba au mama. Yako mengi ya jando na unyago ambayo ni vema yameachwa, ila hoja hiyo imebaki sahihi.

Ukitaka kuona ulezi unavyofanya kazi leo, nenda gereji. Kijana anaanza kwa kutumwa: lete spana namba 13, lete 14, shika tochi. Miezi inapita hana anachoruhusiwa kufungua. Anatazama. Kisha fundi anamwacha afungue tairi, baadaye abadili breki huku yeye amesimama pembeni. Halafu inakuja siku fundi anasema anakwenda dukani kununua spea, na anamwacha peke yake na injini ya mteja iliyo wazi. Siku hiyo ndiyo ulezi wenyewe. Fundi amehatarisha jina lake. Kijana akikosea, mteja atamlaumu fundi. Na fundi akirudi hakagui tu kama gari limewaka. Anauliza: ulianza na nini, kwa nini?

Kwenye uongozi ni vivyo hivyo. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1942, aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Tayari alikuwa amepita kwenye siasa za vijana na uandishi wa habari visiwani, hivyo hakuokotwa barabarani. Lakini Cairo ya wakati ule ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya siasa za Afrika na za Waarabu, na kosa la balozi wa miaka 22 lingekuwa kosa la nchi. Alikabidhiwa injini iliyo wazi. Mwaka 1970 akawa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa, 1979 akachaguliwa Rais wa Baraza Kuu la umoja huo, 1984 akawa Waziri Mkuu, na kuanzia 1989 hadi 2001 aliuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kama Katibu Mkuu. Leo tunawaambia watu wa umri ule kwamba wao ni viongozi wa kesho, na mikutano mingi ya vijana ninayoiona inawapa fulana na chakula cha mchana, kisha inawarudisha nyumbani bila kuamua chochote.

Sasa, kuna vitu viwili vinavyovaa nguo za ulezi. Cha kwanza ni kubebwa. Mjomba anakupigia simu mahali, unapata nafasi, na hakuna aliyekuuliza unajua nini. Aliyebebwa hajui kama miguu yake inafanya kazi, kwa sababu hajawahi kuikanyagia. Cha pili ni uchawa. Chawa anaishi kwenye nguo za mtu mwingine: anamsifu mkubwa wake mitandaoni asubuhi na jioni, anamtukana anayemkosoa, akitumaini siku moja naye atakumbukwa. Nawaonea huruma vijana hawa kuliko ninavyowakasirikia. Wengi wana akili nzuri na wameona mbele yao watu waliofanikiwa kwa njia hiyo. Lakini uchawa unamzuia kijana kujifunza jambo moja ambalo uongozi haukwepi, yaani kumwambia mtu mwenye nguvu kwamba amekosea. Kigezo changu ni chepesi: kama hujawahi kutofautiana na mlezi wako hata mara moja, huyo bado si mlezi wako, au wewe bado hujaanza kulelewa.

Na nisiwadanganye wazazi kwamba mlezi bora ni dhamana ya matokeo bora. Socrates, mwanafalsafa wa Athens ya kale, alikuwa mwalimu wa maswali ambaye hana mfano. Miongoni mwa vijana waliomzunguka alikuwemo Alcibiades, mwenye kipaji na sura na maneno, aliyekuja kuusaliti mji wake kwa kuwapa ushauri maadui zake wa Sparta. Alikuwemo pia Critias, aliyekuwa mmoja wa madikteta 30 walioutesa mji huo mwaka 404 kabla ya Kristo. Miaka mitano baadaye Socrates alihukumiwa kifo, na mojawapo ya mashtaka ni kwamba aliwapotosha vijana. Wanaotaka kuipuuza falsafa hupenda kisa hiki. Mimi nakisoma tofauti. Socrates aliweza kuwanoa akili, ila hakukuwa na kufuli tatu zilizomfunga Alcibiades, na kupenda kusifiwa kulimshinda. Akili iliyonolewa bila miiko ni panga lililoachwa mezani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopendekeza kimoja tu kati ya hivi vitatu, iwe ni semina za fikra bila usimamizi, au sheria kali bila watu wa kumweleza kijana sababu zake.

Vyuo vinasaidia. Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya kuandaa viongozi, na Kibaha kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere tangu 2022, inayomilikiwa na vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Shuleni sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Naunga mkono yote hayo. Ninachoomba walimu wenzangu ni kwamba mtihani wa somo hilo usiwe wa kutaja sifa tano za kiongozi bora. Mpe mwanafunzi kisa cha kiranja wa chakula, umwulize angefanya nini kama rafiki yake wa karibu ndiye aliye mbele ya foleni na jana alimsaidia hesabu. Kisha msomee jibu lake mbele ya darasa na uwaache wenzake walipinge.

Kwa kijana anayetafuta mlezi, usianzie juu sana. Waziri hana nafasi na wewe. Mtafute mama aliyekuwa mweka hazina wa kikoba kwa miaka kumi bila shilingi kupotea, katibu wa msikiti au wa kwaya, mwalimu mstaafu, fundi mwenye wanafunzi waliokwishafungua gereji zao. Siku ya kwanza usimpelekee ombi la kazi wala la pesa. Mpelekee uamuzi mmoja ambao umeufanya na unahisi umeukosea, mweleze ulivyofikiri, umwulize yeye angefanyaje. Akianza kukupa hotuba kuhusu vijana wa siku hizi, mshukuru na uondoke. Akinyamaza kidogo, kisha akaanza kukusimulia uamuzi aliouharibu yeye akiwa na umri wako, vuta kiti.